Kuharakisha Ukuaji wa Matumbawe Katika Tangi la Nyumbani

Wafugaji wengi wa matumbawe hufika mahali wakauliza: mbona hayakui? Taa zinawaka, samaki ni wazima, maji yanang'aa, lakini kile kitawi cha Acropora kilichogundishwa mwambani miezi mitatu iliyopita kina urefu uleule. Dukani watauziwa chupa ya vitamini, chupa ya asidi amino, au dawa ya rangi ya buluu inayoahidi ukuaji wa haraka. Mimi nasema chupa hizo zingoje. Mara nyingi tumbawe lisilokua limekosa siku nyingi mfululizo zinazofanana. Joto likipanda ghafla, madini yakishuka, taa ikibadilishwa leo na tena wiki ijayo, tumbawe husimamisha ujenzi, na huenda likachukua wiki kadhaa kuuanza upya. Kasi hutokana na kutosimama.

Kwanza hakikisha kweli halikui. Kipande kipya hutanguliza kueneza msingi wake juu ya gundi na jiwe kabla hakijaanza kurefuka, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi. Piga picha mara moja kwa mwezi, ukisimama palepale na taa zikiwa na mwanga uleule. Tazama ncha za Acropora na kingo za Montipora: zikiwa nyeupe au na rangi hafifu huku sehemu nyingine ikiwa na rangi kamili, hapo ndipo ujenzi unapoendelea. Na usilinganishe aina zisizofanana. Hata baharini, Acropora ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, ilhali Porites la mviringo huongeza takriban sentimita moja tu.

Tumbawe gumu ni kundi la wanyama wadogo, polipu, walioungana juu ya mifupa wanayoijenga wenyewe. Ndani ya seli zao huishi mwani wa hadubini unaotumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo huliwa na mwenyeji wake. Mifupa yenyewe ni kalsiamu kaboneti. Ndiyo mali ghafi ambayo mafundi wa Kilwa, Lamu na Unguja waliichoma kwa karne nyingi wakapata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti. Mwaka 1959 mwanasayansi Thomas Goreau, aliyefanya kazi Jamaika, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba matumbawe hujenga kwa kasi zaidi kwenye mwanga kuliko gizani. Kwa hiyo tumbawe ni kama muashi anayelipwa kwa mwanga: hata alipwe vizuri kiasi gani, vifaa vikiisha kazini hainui kuta.

Vifaa hivyo ndivyo vinavyoisha nyumbani. Baharini maji ni mengi kiasi kwamba mwamba hauwezi kuyamaliza madini yake. Katika tangi la lita 200 lililojaa matumbawe magumu, akiba inaweza kushuka vibaya ndani ya siku chache, na mwenye tangi asijue, kwa sababu maji hayabadiliki rangi wala harufu.

Vya kufuatilia ni vitatu: kalsiamu, magnesiamu na ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ambao katika maji ya chumvi hutokana hasa na baikaboneti na kaboneti. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yana kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na ualkali wa takriban 7 kwa kipimo cha dKH. Tangini, kalsiamu kati ya 400 na 450, magnesiamu kati ya 1,250 na 1,400, na ualkali kati ya 7.5 na 9 vinatosha kabisa. Wapo wanaopandisha ualkali hadi 11 au 12 wakitafuta kasi. Katika maji yenye chakula kidogo, Acropora zao mara nyingi huungua ncha: nyama huachana na mfupa pale juu palipopaswa kukua. Mimi simshauri yeyote anayeanza kufanya hivyo.

Katika vitatu hivyo, weka jicho lako kwenye ualkali. Tumbawe hutumia kalsiamu na ualkali kwa uwiano usiobadilika: kila dKH 2.8 huondoka na miligramu 20 za kalsiamu kwa lita. Miligramu 20 katika 420 hazifiki hata asilimia tano, lakini dKH 2.8 katika 8 ni zaidi ya theluthi ya akiba yote. Ndiyo maana kipimo cha kalsiamu kinaweza kukuambia mambo ni shwari huku ualkali umeshaporomoka.

Kabla ya kuongeza chochote, jua tangi lako linakula kiasi gani. Pima ualkali leo saa mbili usiku. Usitie dawa wala kubadilisha maji. Pima tena baada ya siku mbili, saa ileile, kwa kifaa kilekile. Tuseme ulipata 8.4, sasa ni 7.8. Zimeliwa dKH 0.6 kwa siku mbili, yaani 0.3 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya tangi lako, na ina thamani kuliko ushauri wa jirani yeyote, kwa sababu tangi la jirani lina matumbawe mengine. Tena namba hiyo hupanda kadiri matumbawe yanavyokuwa makubwa, hivyo irudie kila mwezi.

Sasa hesabu. Kupandisha ualkali wa lita 100 za maji kwa dKH 1 kunahitaji takriban gramu 3 za sodiamu baikaboneti. Kama tangi lako lina lita 200 za maji halisi, baada ya kutoa nafasi ya mawe na mchanga, basi 0.3 kwa siku ni gramu 1.8. Ziyeyushe katika maji safi na uyamimine taratibu penye mkondo mkali. Ili kalsiamu isibaki nyuma, tangi hilohilo linahitaji kama gramu 1.6 za kalsiamu kloridi ya chembechembe, ile yenye maji ndani yake, ziyeyushwe katika chombo kingine. Usivimimine pamoja: vikikutana vikiwa vikali hugandana kuwa unga mweupe, na hapo umeyatengenezea matumbawe mchanga badala ya chakula. Mkemia wa Marekani Randy Holmes-Farley ndiye aliyeufanya mtindo huu wa chupa mbili uwe rahisi kwa watu wa kawaida, alipochapisha fomyula zake kwa bei ya vitu vya dukani. Pampu ndogo ya kudondosha inayogawa dozi mara nyingi kwa siku ni bora kuliko mkono, na kwa mtazamo wangu ndiyo ya kununua kabla ya taa ya kifahari.

Ikiwa ualkali umeshashuka sana, usiurudishe kwa siku moja. Nusu dKH kwa siku yatosha, na dKH 1 ndiyo iwe mwisho.

Hapa kuna tahadhari inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Sodiamu baikaboneti ni ile soda nyeupe ya kuokea, na paketi iandikwe hiyo peke yake. Poda ya kuumulia keki ina asidi na wanga, nayo haifai. Magadi ya kulainishia maharage na makande, yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, yasikaribie tangi hata kidogo. Yana floraidi nyingi na vitu vingine usivyoweza kuvipima nyumbani.

Njia nyingine ni maji ya chokaa. Mfugaji Peter Wilkens ndiye aliyeyaeneza Ulaya katika miaka ya 1970, na hata leo ni njia nafuu inayoleta kalsiamu na ualkali kwa pamoja, kwa uwiano uleule tumbawe linaoutumia. Unayeyusha takriban gramu moja na nusu ya kalsiamu hidroksidi safi katika lita moja ya maji yaliyochujwa, unaacha masimbi yatulie, kisha unadondosha yale maji maangavu ya juu kufidia yaliyovukizwa. Lita moja ya maji hayo huongeza takriban dKH 1.1 katika lita 100. Yadondoshe polepole na usiku, wakati pH ya tangi iko chini. Maji haya yana pH inayozidi 12: yanachoma ngozi na macho, yawekwe mbali na watoto, na yakimwagika yote tangini kwa mkupuo yanaweza kuua kila kitu. Chokaa ya kupaka kuta haifai, kwa kuwa ina uchafu wa madini mengine. Tafuta ya daraja la chakula.

Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki na una matumbawe laini au machache magumu, huenda huhitaji lolote kati ya haya. Matumbawe laini kama Xenia na Sarcophyton hayajengi mifupa mikubwa, na ukuaji wake hutegemea zaidi mwanga na chakula.

Jambo linalosahaulika ni hewa ya chumbani. Kalsiamu kaboneti hujengeka kwa urahisi zaidi pH ikiwa juu, na pH ya tangi hufuata kabonidayoksaidi iliyo hewani. Mswahili anayeishi Muskat au Dubai, aliyefunga madirisha mchana kutwa kwa ajili ya kiyoyozi, au aliyeko London na Toronto wakati wa baridi, anaweza kukuta pH ya 7.8 ingawa ualkali ni sawa. Mwenye tangi Tanga au Mombasa, madirisha yakiwa wazi, hupata 8.2 bila jasho. Jaribio lake ni rahisi: chota maji ya tangi, yapeleke nje, yapulizie hewa kwa pampu ndogo muda wa saa moja, kisha pima. pH ikipanda sana, kosa ni la hewa ya ndani. Fungua dirisha saa chache kwa siku, au, kama una skima, yaani chombo kinachosafisha maji kwa povu, pitisha mrija wake wa hewa hadi nje ya nyumba. Kumimina dawa ya kupandisha pH bila kugusa hewa hiyo huvuruga ualkali, na tatizo hurudi kesho yake.

Sisi wa pwani tumepewa hewa nzuri, tukapewa na joto. Weka maji kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi kutoka Kenya hadi Msumbiji yalipoteza mwani wake, yakawa meupe, na sehemu kubwa ikafa. Kinachotokea mwambani hutokea tangini vilevile, na kwa haraka zaidi, maana maji ni machache. Feni inayopuliza juu ya maji huweza kupunguza nyuzi mbili au tatu, ila huongeza uvukizaji, basi maji matamu yaliyochujwa yaongezwe kila siku ili chumvi isipande. Februari na Machi, Dar es Salaam na Mombasa, feni huenda isitoshe, na mashine ya kupoza maji inakuwa hitaji.

Umeme ukikatika, usihangaikie taa. Matumbawe huweza kuvumilia giza kwa siku moja au mbili, lakini maji yakisimama saa kadhaa oksijeni hupungua na samaki pamoja na polipu huanza kuumia. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka. Ni kifaa cha bei ndogo na kinaokoa matangi mengi.

Kuhusu mwanga, makosa hutokea pande zote mbili. Kipimo kinachotumika ni PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Matumbawe laini na yale ya polipu kubwa kama Euphyllia yanaridhika na 50 hadi 150. Acropora inataka 200 hadi 400. Kuvuka hapo hakuongezi ukuaji, kwa kuwa mwani hushiba mwanga na kuanza kudhurika. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha, kwa kutumia saa ya umeme ili mchana wa tangi usibadilike. Kipande kipya kianzie chini kwenye mchanga, kipandishwe taratibu kwa wiki tatu au nne. Kikigeuka hudhurungi kwa kawaida kinakosa mwanga au kina chakula kupita kiasi. Kikipauka, mara nyingi mwanga umekizidi au chakula kimepungua. Na kama huna kifaa cha kupima, azima au kodi kwa siku moja. Kubahatisha kwa macho kumepoteza matumbawe mengi, kwa sababu mwanga wa buluu huonekana hafifu kwetu hali mwani huutumia vizuri.

Mkondo uwe mkali na wa kubadilika, pampu zikisukuma maji kama mara 20 hadi 40 ya ujazo wa tangi kwa saa kwa matumbawe magumu. Maji yanayopita ndiyo yanayoleta madini na kuondoa taka kwenye ngozi ya tumbawe. Usilenge pampu moja kwa moja usoni pake.

Kwa miaka mingi wafugaji walifundishwa kwamba maji bora ni yale yasiyo na naitreti wala fosfati kabisa. Ushauri huo umeyanyima matumbawe chakula. Mwani ulio ndani ya polipu unahitaji naitrojeni na fosforasi, na polipu wenyewe ni wanyama wanaokula. Mwaka 2013 timu ya Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ilionyesha kwamba naitrojeni ikiwa nyingi huku fosfati ikiwa haba mno, matumbawe hushindwa kustahimili joto na mwanga na hupauka kwa urahisi. Lenga naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya 0.03 hadi 0.1. Kwa kawaida samaki wanaolishwa vizuri hutosha kufikisha hapo, maana kinachotoka kwao ni mbolea ya matumbawe. Zaidi ya hapo, usiku polipu wanapotanua mikono, wape Artemia wachanga, vijidudu vya jamii ya kamba, mara mbili kwa wiki. Fosfati ikipanda kupita kiasi huzuia ujenzi wa mifupa na kuleta mwani wa manyoya, kwa hiyo lisha huku ukipima.

Ipo njia moja inayoongeza kasi kwa kweli, nayo ni kukata. Tumbawe hukua kwenye kingo, na kipande kimoja kikigawanywa, kingo zinaongezeka. David Vaughan, wa maabara ya Mote huko Florida, aligundua jambo hili katika miaka ya 2000 alipovunja tumbawe kwa bahati mbaya. Polipu chache zilizobaki chini ya tangi zikaenea kwa kasi asiyoitarajia. Tangu hapo vipande vidogo sana hutumiwa kurejesha miamba, hasa kwa matumbawe ya mviringo ambayo kwa kawaida hukua polepole. Vipande vya mama mmoja vikipandwa karibukaribu hukutana na kuungana. Nyumbani, kata kwa koleo la mifupa au msumeno wa maji, gundisha kwa supaglu ya ute, na usiguse tena hadi jeraha lifunike. Usikate tumbawe lililo dhaifu au lililofika jana.

Vaa glavu na miwani unapokata. Baadhi ya Zoanthus na Palythoa, vile vinavyofanana na vifungo vya shati, vina sumu kali iitwayo palitoksini. Watu wamelazwa hospitalini baada ya kuchemsha mawe yenye viumbe hao na kuvuta mvuke wake. Usichemshe jiwe la tangi, usilisugue kavu, na uoshe mikono kabla ya kugusa macho.

Hakiki vifaa vyako vya kupimia pia. Dawa za kupimia huisha muda. Kioo cha kupimia chumvi kirekebishwe kwa mchanganyiko wa chumvi wa gramu 35, maana kikirekebishwa kwa maji matupu kinaweza kupotosha pale unapokihitaji. Ukichota maji ya bahari, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mto, bandari na mifereji ya mji. Maji ya bomba yana klorini na ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi na naitreti, hivyo ya kuongezea yachujwe kwa mashine ya kuondoa madini.

La mwisho ni mahali unapolitoa tumbawe lako. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Katika hifadhi kama Malindi, Watamu, Kisite na Kisiwa cha Mafia, kung'oa tumbawe ni kosa. Nje ya hifadhi pia mwamba ni mazalia ya samaki wanaotulisha, na baada ya joto la 1998 na la 2024 hauna tawi la ziada la kupamba sebule ya mtu. Anza na vipande vilivyokuzwa tangini au shambani: Montipora, Stylophora na Pocillopora ni za kuanzia, hukua haraka na hustahimili makosa ya mgeni. Muulize muuzaji vilikotoka, uone karatasi zake. Asipoweza kukuonyesha, usinunue.